Xiamen na mamdogo: treni, feri ya Gulangyu na siku moja Quanzhou

Mimi naenda Guangzhou mara mbili kwa mwaka kufuata mzigo wa vyombo vya jikoni, nafikia mtaa wa Xiaobei kama Waafrika wengi, nazunguka masoko, napakia, narudi zangu Kariakoo. Miaka yote hiyo bahari ya China sikuwahi kuiona, kule ni mto tu. Sasa Novemba iliyopita nilimchukua mama mdogo wangu, mzaliwa wa Kilwa Masoko, ana miaka 63, ndege ndo ilikuwa mara ya kwanza anapanda, nikasema mzigo ukikamilika tunaongeza siku tano twende mji wa pwani tukapumzike. Tukaangukia Xiamen. Tangu turudi naulizwa kila siku nilipangaje, nilikata tiketi wapi, nililala wapi, kwahiyo haya ndo maoni yangu kwa kila kitu tulichokilipia.

Niseme mapema kabisa, treni naipa nyota tano. Feri ya kwenda kisiwa cha Gulangyu nyota nne, na ile moja iliyokatika nitaeleza imeenda wapi. Gesti nyota nne. Wakala niliyeanza naye hapa Dar simtaji jina na nyota simpi, maana hela ya usumbufu niliyompa hajarudisha mpaka leo.

Yule wakala aliniletea package ya "Xiamen siku tano", hoteli, usafiri na mtu wa kututembeza, bei ilikuwa inakaribia nauli ya ndege. Nikamuomba anwani ya hoteli, akazunguka siku mbili ndo akaituma. Nikaiingiza kwenye ramani, kumbe hoteli iko ng'ambo, upande wa bara, mbali na kisiwa. Hapa lazima muelewe kitu kimoja kuhusu Xiamen, mji wenyewe ule wa zamani, ufukwe, feri, masoko, vyote viko kisiwani, halafu kuna wilaya kubwa za bara ambazo nazo zinaitwa Xiamen. Kwenye karatasi zote ni Xiamen. Ukilala bara utakuwa unatumia saa nzima asubuhi na saa nzima jioni kufuata kitu ulichokuja kukiona, na ukiwa na mtu mzima mwenye magoti yanayomsumbua hiyo siyo safari tena. Halafu akaniambia mamdogo hahitaji viza kwasababu China siku hizi wanaruhusu wapita njia kukaa siku kumi bila viza. Ni kweli ruhusa hiyo ipo, ya saa 240, ila nchi zake zimeorodheshwa na sisi Watanzania hatumo, Wakenya hawamo. Ningemsikiliza mamdogo angeishia airport. Nilimkatia viza ya utalii ile ya L kwa njia ya kawaida, fomu unajaza mtandaoni, unaambatanisha bukingi ya ndege na hoteli, ndo unapeleka pasipoti. Hoteli nilibuku ile unayoweza kuifuta bila makato, ili hata viza ikichelewa hela isipotee.

Kitu cha pili, andaa simu kabla hujaandaa begi. Nasema hivi kwa mtu anayeenda mara ya kwanza maana naona wengi wanafika kule wanakwama dakika ya kwanza. WhatsApp haifanyi kazi kwa intaneti ya kule, wala Google, wala Instagram. Mimi natumia eSIM ya kusafiria, yaani laini isiyo na kadi, niliyoinunua nikiwa bado nyumbani, hiyo inapitisha intaneti nje ya China kwahiyo WhatsApp ilikuwa inaingia kama kawaida, lakini ukihamia waifai ya hoteli tu, kimya. Ramani tumia apu ya Amap. Malipo weka apu ya Alipay, unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard, na kabla hujaondoka piga simu benki wakufungulie malipo ya mtandaoni ya nje, hii watu wengi wanaisahau kadi inakataa wanadhani tatizo ni Wachina. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana makato, ukizidisha hapo wanakata asilimia 3. Gesti yetu ilikuwa yuan 180 kwa usiku nikamuomba mwenye nyumba nimlipe kila siku badala ya mkupuo, akakubali, makato yote nikayakwepa. Teksi nayo unaiita humohumo ndani ya Alipay, na ina tafsiri ya ujumbe, unaandika Kiingereza dereva anasoma Kichina.

Haya treni. Tiketi zinafunguliwa siku 15 kabla, unakata kwa apu ya reli yenyewe, 12306, ipo ya Kiingereza, au kwa Trip.com unaongeza kidogo. Pasipoti yako ndo tiketi yako, hakuna karatasi, kwahiyo namba na majina yaandikwe vilevile kama yalivyo kwenye pasipoti, sisi wenye majina matatu tuwe makini sana hapa, usiruke jina la kati kama pasipoti inalo. Guangzhou ina stesheni zaidi ya moja zenye treni za kwenda Xiamen, soma vizuri umekatiwa ipi maana zimeachana sana. Safari ni kama saa nne hivi, inategemea treni yenyewe inasimama mara ngapi.

Mamdogo alichokipenda kwenye ile treni siyo mwendo, ni maji ya moto. Kila behewa lina bomba la maji ya moto bure, watu wanaenda na chupa zao za chai. Yeye alikuwa ana tangawizi kavu na majani ya chai kwenye mkoba toka Dar, akaona yule mama wa kiti cha mbele anachota, naye akainuka akachota, wakakaa wanaonyeshana majani, huyu hajui Kichina yule hajui Kiswahili, mpaka yule mama anashuka wameshabadilishana vifurushi. Mimi nimesafiri na treni zile mara ngapi sijawahi kuongea na mtu.

Ukishuka stesheni ya Xiamen North bado uko bara, wala usipande teksi. Chukua metro Laini 1 mpaka mwisho, Zhenhai Road. Laini hii ilifunguliwa mwisho wa 2017 na kuna kipande inatoka juu na kuvuka bahari kuingia kisiwani, maji kulia, maji kushoto, na ukikaa upande wenye dirisha kubwa unaona boti za wavuvi. Mamdogo aliinuka akashika dirisha kwa mikono miwili. "Mwanangu, hii ndo bahari yenyewe? Mbona ni kama ya kwetu maji yakitoka?" Na kweli maji yalikuwa yamekupwa, matope yanaonekana, na ndege weupe wamesimama. Kuna mtu alisema Xiamen ni kama Dubai ya China, sikubaliani naye kabisa, kwa mtu wa pwani ile ni pwani, inanuka chumvi na samaki, na watu wake hawana haraka kama wa Guangzhou. Hata mti rasmi wa mji ni mkrismasi, ule ule wetu wenye maua mekundu ambao asili yake Madagaska, tofauti ni kwamba kule unachanua katikati ya mwaka, Novemba tulikuta majani tu.

Gesti tulipata kwenye kichochoro nyuma ya Zhongshan Road, ile mitaa ya majengo ya zamani yenye baraza mbele ambapo unatembea chini ya ghorofa mvua isikuloweshe. Chumba kisafi, maji ya moto muda wote, vitanda viwili. Nyota moja nimetoa kwa sababu ya ngazi, ghorofa ya tatu bila lifti, na hilo halikuandikwa popote, mamdogo alikuwa anapanda anapumzika. Muulizeni mwenye nyumba kabla, na muulize pia kama anapokea wageni wa nje, maana mgeni lazima asajiliwe polisi ndani ya saa 24 na hoteli ndo inakusajilia, wengine wadogo hawajui kuifanya hiyo kazi wanakukataa mlangoni saa nne usiku. Wetu alijua, akapiga picha pasipoti, dakika tano kwisha.

Kila jioni yule mwenye nyumba alikuwa anaweka meza ya chai pale chini. Siyo chai ya kikombe kikubwa, ni birika dogo la udongo linaloenea kiganjani na vikombe vidogo, yaani ukubwa ule ule wa vikombe vyetu vya kahawa vya barazani. Anamwaga maji ya kwanza, anasuuza vikombe, maji ya pili ndo mnakunywa, mkimaliza anaongeza, mnakaa hivyo mpaka saa nne. Majani yalikuwa tieguanyin, yanatoka Anxi, hapo hapo mkoa wa Fujian ilipo Xiamen. Mamdogo hakuhitaji kufundishwa chochote. Alikaa, akapokea kwa mkono wa kulia, akanywa kwa mafunda matatu, akarudisha kikombe kijazwe, kama vile amezaliwa pale. Kwa hiyo meza peke yake ningerudi gesti ile ile, ngazi na yote.

Sasa feri, na hapa naomba msome polepole maana hapa ndo watu wanapoteza siku. Gulangyu ni kisiwa kidogo mbele ya mji, hakifiki hata kilomita mbili za mraba, UNESCO wamekiweka kwenye urithi wa dunia 2017. Pale Lundu, gati ya mjini, unakiona kwa macho kabisa kama unavyoiona Kigamboni ukiwa Magogoni, nyumba unazihesabu. Kwahiyo akili yako inakwambia feri ni pale. Siyo pale. Mchana gati ya Lundu ni ya wakazi, wageni wanapandia gati nyingine upande wa Dongdu, jirani na bandari ya meli za kitalii, kilomita kadhaa kaskazini. Sisi tiketi yetu ilikuwa ya saa mbili na nusu asubuhi, tukatembea mpaka Lundu na mapema kabisa, tumekaa tunasubiri, kwenda getini askari akaangalia simu akatikisa kichwa akanyoosha mkono kule. Teksi mbio, kufika Dongdu boti imeondoka. Mamdogo alikuwa anahema, mimi nimeshaanza kuhesabu hasara. Dada wa dirishani akachukua pasipoti zetu, akaangalia, akatuhamishia boti ya baadaye bila kutudai hata senti, siku ile nafasi zilikuwepo. Ingekuwa wikiendi au sikukuu zisingekuwepo, maana kwa siku wanaruhusu watu 50,000 tu kisiwani na tiketi zinaisha mapema. Nyota iliyokatika ndo hiyo, pale Lundu wangeweka hata kibao kimoja kikubwa cha Kiingereza kwa ajili ya wageni ingetosha.

Tiketi ya kawaida ya kwenda Sanqiutian, gati ya kule kisiwani, ni yuan 35 kwenda na kurudi, mwendo dakika 20 hivi, boti safi, watu wanapanga foleni, mizigo ya wazee inabebwa kwanza. Nenda na pasipoti halisi siyo picha. Na jioni ratiba inabadilika, boti za wageni zinahamia Lundu, kwahiyo ukirudi usiku unashukia karibu na Zhongshan Road unatembea kwa miguu mpaka kitandani. Sisi tulisubiri makusudi mpaka taa ziwake.

Kisiwa chenyewe hakina gari, hakina pikipiki. Aliyefika Lamu atanielewa, tofauti ni kwamba huku hata punda hamna. Simenti, maji ya chupa, magodoro, mboga za hotelini, vyote vinavutwa na watu kwenye mikokoteni, kwenye vilima. Mimi mtu wa Kariakoo nilisimama nikamwangalia mzee mmoja anapandisha mkokoteni wa matofali, mkanda begani, mwili umelala mbele mpaka uso unakaribia chini, akifika kona anauzungusha kidogo ubavu ukae usirudi nyuma, anavuta pumzi, anaendelea. Watalii wanapiga picha majengo ya balozi za zamani hawamwoni. Yale majengo mazuri ya wazungu, mji ulifunguliwa kwa nguvu kwa wafanyabiashara wa nje baada ya vita ya kasumba ya Waingereza na Wachina mwaka 1842, na kisiwa kikawa chini ya utawala wa pamoja wa mataifa ya nje mwaka 1903, historia yake inauma kama historia zetu tu. Nendeni bustani ya Shuzhuang imekaa juu ya bahari kabisa, ndani yake kuna makumbusho ya piano, wale wenye nguvu wapande Riguangyan, jiwe la juu kabisa. Mamdogo hakupanda. Alikaa chini ya mti mkubwa wa jamii ya mkuyu wenye mizizi inayoning'inia, akala embe la pilipili alilonunua pale pale, nikamkuta amelala.

Chakula nitasema kifupi. Tambi za shacha ndo sifa ya mji, mchuzi wa karanga na pilipili, unachagua unachotaka kiwekwe kwa kunyoosha kidole, lakini sehemu nyingi kuna nguruwe humo au kwenye supu yenyewe, Waislamu muwe makini. Sisi tulikuwa tunatafuta maandishi haya 清真, yanamaanisha halali, migahawa ya tambi za kuvutwa kwa mkono ya Waislamu wa kaskazini magharibi ipo kila mtaa, bakuli la nyama ya ng'ombe linashibisha, na tukisema salamu aleikum wanaitikia kwa furaha. Supu ya karanga ya Huang Zehe pale Zhongshan Road msiikose, karanga zimechemshwa mpaka zinayeyuka mdomoni, tamu, nyeupe kama tui. Na soko la Bashi nendeni asubuhi, samaki, kaa, chaza, vyote viko hai, mtu wa Feri hapo Dar atajisikia nyumbani.

Siku ya nne ndo tulienda Quanzhou. Nusu saa kwa treni kutoka Xiamen North, unaenda asubuhi unarudi jioni, na mkiwa na siku tatu tu Xiamen bado nasema mtoe moja mwende huko. Huu ndo ule mji Waarabu waliouita Zaitun. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, na miaka kumi na kitu baadae akafika Zaitun, mtu yule yule. Nilikuwa nimemweleza mamdogo hivyo ndani ya treni akanyamaza tu.

Msikiti wa kale wa pale upo mtaa wa Tumen, umejengwa kwa mawe mwaka 400 Hijria, yaani 1009 hivi za Kizungu. Lango ni la upinde mrefu, ukumbi wa zamani hauna paa tena, kuta zimebaki, na kwenye kuta kuna maandishi ya Kiarabu yamechongwa kwenye jiwe. Jirani kabisa kuna hekalu la Wachina, watu wamejaa, moshi wa udi unavuka ukuta unaingia huku. Kuna jiwe linaeleza kwamba msikiti ulifanyiwa matengenezo mwaka 1310 na mtu wa Shiraz. Mamdogo aliposikia Shiraz akageuka akaniangalia. Kwao Kilwa hadithi ya wafalme wa mwanzo inaanza na Mshirazi, Ali bin Hassan, ameisikia toka anajua kusikia. Akaniuliza, "Wale wale?" Nikamwambia mji ule ule mamdogo, watu wengine na miaka mingine. Akavua viatu, akaswali adhuhuri pale pembeni sehemu ya kuswalia, akatoka akakaa kwenye kivuli cha ukuta ule usio na paa kama saa nzima, na mimi sikumharakisha.

Makumbusho ya bahari ni bure na Jumatatu wanafunga. Mawe ya makaburi ya Waislamu yaliyookotwa mji mzima yamepangwa pale, mengi, na mamdogo ana Kiarabu cha chuoni, alikuwa anasoma moja moja kwa sauti ya chini, Bismillahi, halafu jina, halafu jina la baba. Pia kuna jahazi la enzi za wafalme wa Song lilifukuliwa 1974 hapo Houzhu, lilikutwa na miti ya manukato na pilipili manga, hilo limewekwa eneo la hekalu la Kaiyuan. Ukitoka hapo ukakumbuka yale mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa kwenye nguzo za makaburi Kunduchi, unaelewa kwamba hii biashara ya mzigo wa vyombo kutoka China wala sisi wa Kariakoo hatukuianza.

Muda wa kwenda, mimi nasema katikati ya Oktoba mpaka Desemba, hali ya hewa nzuri, sweta jepesi linatosha. Epukeni tarehe 1 hadi 7 Oktoba, China nzima iko likizo, tiketi hakuna. Julai mpaka Septemba ni msimu wa tufani, Septemba 2016 tufani ya Meranti ilipiga Xiamen vibaya sana, na zikija feri zinasimama, kwahiyo kama huna siku za ziada usiende miezi hiyo. Siku nne zinatosha, tano ni raha.

Mzigo wangu umefika bandarini wiki iliyopita, tieguanyin ya mamdogo imeshaisha. Ananipigia kila Ijumaa anauliza naenda tena lini, na jana ameniambia safari hii tulale Quanzhou usiku mmoja, na gesti niihakikishe iwe ya chini.